Barua ya Wazi kwa Waziri wa Kawi: Stima Isiishie Kupita Juu ya Vichwa Vyetu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kawi na Petroli,
Nairobi.

Nakala: Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kwale; Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA); Shirika la Usambazaji Umeme Mashinani na Kawi Mbadala (REREC); Kamati ya Kawi ya Bunge la Taifa.

Mheshimiwa Waziri,

Sisi ni wakaaji wa Mackinnon Road, Kinango, Kaunti ya Kwale. Wengi wakisikia Kwale huwaza Diani, mchanga mweupe na minazi. Huku kwetu hakuna minazi. Ni nyika ya Taru: udongo mwekundu, migunga, mbuyu mmoja mmoja, na jua linaloanza kuchoma kabla chai ya asubuhi haijaisha. Kama umewahi kusafiri kwa gari kwenda Mombasa, ukauona msikiti wa Sayyid Baghali kando ya reli, pale madereva wanaposimama kuomba dua ya safari, basi ulikuwa umefika kwetu.

Sisi ni watu wa kupitiwa, Mheshimiwa. Hata jina la mji wetu ni la mgeni, William Mackinnon, Mskoti ambaye kampuni yake ilitaka njia ya kutoka Mombasa hadi Uganda. Njia ikapita. Reli ikapita. Bomba la maji ya Mzima likapita miaka ya 1950 kwenda kuwanywesha watu wa Mombasa, na mama zetu wakabaki na malambo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Waingereza walikuja kujenga bohari kubwa la kijeshi, wakaliacha, na pahali hapo pakageuzwa kambi ya kuwafungia watu wa Mau Mau. Mwaka 2017 ikaja reli ya SGR, na laini ya kilovolti 400 ya Mombasa na Nairobi ikakatiza nyika yetu juu ya minara mirefu. Mji wenyewe, pale kando ya lami, una stima. Ukiiacha lami kwa mwendo wa nusu saa kwa miguu, ni koroboi na tochi ya simu.

Nchi yetu inasifiwa duniani kwa kawi safi, na sifa hiyo tunaistahili. Karibu asilimia 90 ya stima ya gridi yetu hutokana na mvuke wa Olkaria, mito, upepo na jua. Septemba 2023 viongozi wa Afrika walikutana Nairobi, na katika azimio lao wakataja lengo la kuifikisha kawi mbadala ya bara hili gigawati 300 ifikapo mwaka 2030. Nililisoma azimio hilo kwenye simu niliyokuwa nimeichaji kwa shilingi 20 dukani. Lililonisukuma kuandika ni hili: masharti ya sera yetu ya kawi safi yametungwa kwa ajili ya mwenye mtambo mkubwa. Yeye ana mkataba wa miaka 20, msamaha wa ushuru na wakili wa kumsomea. Mwenye boma, mwenye kisima, kinyozi na mwalimu mkuu hawana mlango wa kuingilia. Naomba uniruhusu niyataje malalamiko yetu moja baada ya jingine.

1. Kigezo cha mita 600 hakikupimwa kwa miguu ya Mduruma.

Mradi wa Last Mile ulipozinduliwa mwaka 2015, ada ya kuunganishiwa stima ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na mtu akaruhusiwa kulipa polepole. Tuliufurahia, na hatutasahau wema huo. Lakini uliwalenga walio ndani ya mita 600 kutoka transfoma. Pale ambapo nyumba zimebanana, transfoma moja huzungukwa na mamia ya wateja. Huku boma la mtu liko hapa, la ndugu yake liko ng'ambo ya korongo, na katikati ni malisho. Hatukukaa hivyo kwa ukaidi. Ng'ombe na mbuzi wanahitaji nafasi, na mvua yetu haitoshi kulisha watu waliobanana. Ukichora duara la mita 600 kandokando ya lami, umewachukua wenye maduka na mikahawa ukawaacha wafugaji.

Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 imeibebesha serikali wajibu wa kuwafikishia Wakenya wote huduma ya kawi kwa bei wanayoimudu. Haikusema Wakenya walio karibu na transfoma. Tunaomba kigezo cha umbali kiondolewe katika kaunti kame, na kila kijiji kiamuliwe kwa hesabu ya wazi: kama nyaya ni ghali mno, kipewe gridi ndogo ya jua; kama hata hiyo haifai kwa sababu nyumba zimetawanyika, kila boma lipewe sola yake. Tusiachwe kwenye orodha ya kusubiri nyaya ambazo kila mtu anajua haziji.

2. Mradi wa KOSAP: tuonyesheni ulipofika.

Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mradi wa sola wa kaunti 14 zilizoachwa nyuma, na Kwale ni mojawapo, pamoja na jirani zetu Kilifi, Taita Taveta, Tana River na Lamu. Ulihusu gridi ndogo vijijini, sola za nyumbani, sola za shule na zahanati, na pampu za jua kwenye visima. Tuliposikia habari zake tulisema, safari hii jina letu limo. Ulikuwa ukamilike mwaka 2023, ukaongezewa muda. Mtoto aliyezaliwa mwaka ulioidhinishwa mradi huo sasa anasoma shule ya msingi, na anafanya kazi aliyopewa na mwalimu kabla jua halijazama kwa sababu baada ya hapo hakuna mwanga.

Simsingizii mtu wizi. Ninachosema ni kwamba mradi wa umma unapochelewa, wanaoungojea wana haki ya kujua umekwama kwenye zabuni, kwenye ardhi, au kwenye meza ya nani. Tunaomba orodha ya maeneo yote ya mradi huo katika Kwale, kijiji kwa kijiji: kilichojengwa, kinachojengwa, kilichoachwa na kwa nini. Ibandikwe kwenye ofisi za machifu. Wazee wetu hawafungui tovuti.

Kuna jambo jingine juu ya gridi ndogo, na hili ni la sera hasa. Mtu au chama cha ushirika kikitaka kuweka mtambo wa jua wa kuhudumia kijiji, kinataka jibu la swali moja kabla ya kutoa senti: nyaya za taifa zikifika miaka mitano baadaye, mtambo huu utanunuliwa, utaunganishwa, au utaachwa uote kutu? Asipolijua hilo, mwenye pesa atakaa na pesa zake, au atapandisha bei ya uniti ili arudishe mtaji wake haraka, na mfugaji wa Kinango ajikute analipia uniti moja bei inayopita kwa mbali anayolipa mkaaji wa Nyali, Mombasa. Andikeni jibu hilo kwenye kanuni, liwe wazi, na tofauti ya bei ibebwe na taifa zima, kama tunavyoibebea miji gharama zake.

3. Jua ni la Mungu, lakini ardhi linapoangukia ina wenyewe.

Hili ndilo linaloninyima usingizi. Wawekezaji watakuja Kinango, na siwalaumu. Wakiitazama ramani wataona ardhi tambarare, jua la mwaka mzima, barabara kuu, reli, na laini kubwa ya stima. Kule Langobaya, Malindi, mtambo wa jua wa megawati 40 umekuwa ukiuza stima kwa gridi tangu mwishoni mwa 2021. Zamu yetu iko njiani. Je, sheria imetuandalia nini?

Kwa mvuke wa ardhini, Sheria ya Kawi imeweka mrabaha na kuugawa: asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 5 kwa jamii ya pale. Kwa madini, Sheria ya Madini ya 2016 inagawa 70, 20 na 10. Kwa jua na upepo, hakuna. Ekari elfu moja za malisho yetu zikifunikwa kwa paneli, wajibu wa mwenye mtambo kwa jirani yake utategemea ukarimu wake: darasa moja hapa, madawati kule, picha na hotuba.

Kwale tumeshaona mambo haya. Watu wa Maumba na Nguluku walihamishwa ili mchanga wa titani uchimbwe. Meli zikaanza kubeba mwaka 2014, na uchimbaji ukafungwa Desemba 2024. Ile asilimia 10 ya jamii, iliyoandikwa kwenye sheria kwa wino mweusi, watu waliisubiri miaka na miaka huku malori yakipita. Ikiwa haki iliyoandikwa ilichelewa namna hiyo, ile isiyoandikwa itafika lini?

Na mtu asiseme kwamba kuzungumzia ardhi ni kuwafukuza wawekezaji. Wanaofukuzwa hufukuzwa na migogoro. Mradi wa upepo wa Kinangop, zaidi ya megawati 60, ulikufa mwaka 2016 baada ya wakaaji kuupinga kwa sababu ya ardhi. Ule wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na megawati 310, ndio fahari ya nchi. Lakini Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Meru iliamua kwamba hati za ekari 150,000 zilizotumika zilipatikana kinyume cha utaratibu wa sheria. Stima ilishakuwa inapita kwenye nyaya. Kesi ya namna hiyo ni hasara kwa mfugaji, kwa kampuni na kwa anayelipa bili kule Kawangware.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu yatangulie paneli ya kwanza. Ardhi za jamii na ranchi za vikundi katika Kinango zisajiliwe chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, na kaunti isaidie kwa wapimaji badala ya kutuachia gharama. Mrabaha wa jua na upepo uandikwe kwenye sheria, ukiwa na fungu la jamii linaloingia moja kwa moja kwenye akaunti ya jamii. Na kila mtambo mkubwa ulazimike, kama sharti la leseni, kuviunganishia stima vijiji vinavyouzunguka kabla haujaanza kuuza Nairobi. Hatutaki kulinda uzio wa mtambo usiku kwa tochi.

4. Mwenye paa asiadhibiwe kwa kuwa mdogo.

Sheria ya 2019 ilimruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati moja kupeleka ziada yake kwenye gridi na kuhesabiwa. Kanuni zake zilikuja 2024. Miaka mitano. Na zilipokuja, mteja anayepeleka uniti mbili anahesabiwa moja. Hoteli ya Diani yenye paa kubwa inaweza kuvumilia hesabu hiyo. Shule ya bweni ambayo sola yake hukaa bure likizo nzima haiwezi. Shule, zahanati na miradi ya maji ya jamii zihesabiwe uniti kwa uniti. Hazifanyi biashara.

5. Ushuru utulie.

Mwaka 2013 vifaa vya sola vilitozwa VAT. Mwaka 2014 vikasamehewa. Mwaka 2020 vikatozwa tena. Mwaka 2021 vikasamehewa tena. Gesi ya kupikia nayo ikabebeshwa asilimia 16 Julai 2021, ikashushwa hadi 8 mwaka uliofuata, kisha ikaondolewa 2023. Muuzaji wa Mariakani hawezi kupanga bei, na mnunuzi hawezi kupanga akiba. Kila Juni tunasikiliza bajeti kama mtu anayesikiliza hukumu yake. Tamkeni kipindi, hata miaka 10, ambacho sola, betri, pampu za jua na majiko safi hayataguswa, na liwekeni tamko hilo kwenye sheria ili Waziri wa Fedha ajaye asiligeuze kwa sentensi moja.

6. Makaa ndiyo kawi yetu, na sera inajifanya haituoni.

Mheshimiwa, kati ya Taru na Samburu utaona magunia ya makaa yamepangwa kando ya barabara. Mimi niliwahi kuyapanga. Mwaka 2022, mvua ilipokosekana msimu baada ya msimu, ng'ombe wangu wanne walikufa, wa tano nikamuuza kwa bei ya mbuzi. Nikachukua shoka. Migunga niliyoikata ndiyo niliyokuwa nikipumzika kivulini mwake nikichunga nikiwa mtoto. Nilijua ninachokifanya. Nilijua pia watoto watakula nini usiku huo. Makaa yale yalikwenda Mombasa kupikia watu wenye stima ukutani.

Serikali ilipiga marufuku ukataji miti misituni Februari 2018, ikaiondoa marufuku hiyo Julai 2023. Kwa miaka hiyo yote hakuja mtu nyikani kutuambia: acha shoka, shika hiki. Marufuku bila mbadala humwongezea tu maskini kosa juu ya njaa. Sasa tunaambiwa kwamba ifikapo 2028 kila kaya itapika kwa kawi safi. Nalitaka jambo hilo kwa moyo wote, kwa sababu nimeona macho ya mke wangu yanavyotiririka jikoni. Lakini miradi ya sola inayotujia huishia taa tatu na kuchaji simu. Haigusi jiko. Wala pato la msimu wa ukame haliguswi.

Tunaomba fungu la fedha za kawi safi litengwe kwa ajili ya wachoma makaa wenyewe: pampu za jua ili malambo na visima vimwagilie majani ya mifugo, vitalu vya miti ya asili inayokomaa kwenye nyika, vyama vya makaa vinavyovuna kwa zamu na kutumia matanuri yasiyopoteza kuni. Mtu mwenye nyasi za ng'ombe mwezi Septemba hashiki shoka.

7. Mafundi watoke kwetu.

Paneli yangu ya kwanza niliinunua dukani kwa pesa za makaa hayo hayo. Ilidumu miezi minne. Aliyeifunga hakuwa na leseni, na mimi sikujua kwamba leseni inatakiwa. Kanuni za sola za 2012 zinasema fundi awe amesajiliwa kwa daraja lake, na ni kanuni nzuri. Lakini kijana wa Kinango atapata wapi nauli, ada na siku za kwenda kusomea na kufanyiwa mtihani mbali na kwao? EPRA ilete mafunzo na mitihani kwenye vyuo vya ufundi vya Kwale, na kila mradi wa serikali uwape kazi mafundi wa wadi husika. Sola isiyo na fundi wa karibu ni takataka inayosubiri siku yake.

Neno moja kwa Mheshimiwa Gavana. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya usambazaji wa stima na udhibiti wa kawi, na Sheria ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa kawi na kuupeleka kwa Waziri. Mpango wa Kwale usiandikwe hotelini Diani na kupelekwa Nairobi bila kupitia baraza la Mackinnon Road, la Ndavaya na la Kasemeni. Tuitwe. Tutakuja kwa miguu. Mpango huo uonyeshe kila shule na zahanati isiyo na stima, kwa jina, na mwaka itakaowashiwa.

Mheshimiwa Waziri, sijaomba msaada. Kila nilichokitaja kiko ndani ya uwezo wa ofisi yako, au ofisi yako inaweza kukipeleka Bungeni. Watu wa nyika hii wametoa njia ya barabara, ya reli mbili, ya bomba la maji na ya minara ya stima, na wamekaa kimya kwa muda mrefu kuliko inavyopasa.

Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inatoa siku 21 za kujibu ombi. Kwa barua hii naomba, kwa maandishi, habari mbili za kuanzia: orodha ya maeneo ya KOSAP katika Kaunti ya Kwale na hatua iliyofikiwa katika kila moja, na idadi ya vijiji vya wadi ya Mackinnon Road vilivyo nje ya mita 600 kutoka transfoma. Jibu libandikwe kwenye ubao wa ofisi ya chifu, Mackinnon Road. Tutakwenda kulisoma mchana, kukiwa bado na mwanga.

Wako mwaminifu,
Mfugaji na mkaaji wa Mackinnon Road,
Kaunti ya Kwale.